Hema la Saa

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu asinitangulie kulisema. Rima, yule binti wa shirika la misaada, alifika kambini na orodha yake ya namba, akakuta namba alizotuchorea mahemani zimefutwa na mvua. Nikamwambia, "Mwanangu, achana na namba. Andika picha." Mahema yetu sisi wakimbizi hapa kwenye bonde la Bekaa tumeyaezeka kwa turubai kuukuu za matangazo ya barabarani, na ndivyo tunavyojuana. Mimi ni Jibini. Jirani yangu ni Shampuu. Hasna, aliyejifungua siku nane zilizopita na mumewe yuko Beirut kwenye kibarua, ni Saa: saa kubwa ya mkononi, ya dhahabu, paa zima.

Rima akaandika: Saa, mzazi na kichanga, sobia moja ya kuotea moto, blanketi tano. Sobia zenyewe, majiko ya mafuta yenye bomba la moshi, zilikuwa nne tu kwa kambi nzima. Alipofika kwenye jina la Mzee Jadaan akaniuliza, nikamwambia afute. "Mtu mmoja, hana mke, hana mtoto. Ataota moto kwa majirani." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Sasa nani angejua kwamba mafuriko yatahamisha mpaka mapaa? Maji yaliingia alfajiri ya siku ya kugawa, kila mtu akakimbia na alichoshika. Kulipokucha Shampuu ilikuwa imenasa kwenye uzio wa shamba la viazi, nusu ya Jibini langu iko juu ya watu nisiowajua. Lori likaja hivyohivyo, na wabebaji wakagawa vitu kwa kufuata picha. Mimi nilipofika mahali pa Hasna nilikuta maji ya magotini na sufuria inaelea. Hasna hayupo, mtoto hayupo, sobia haipo.

Nikaenda shuleni walikokimbilia wengine. Hayupo. Mke wa Shampuu akasema, "Si kaenda kwa dada yake?" Mwenzake akamkata kauli: dada mtu yuko Tripoli, ataendaje Tripoli na barabara imekatika? Wa tatu alimwona akipanda gari. Wa nne akasema gari lile lilibeba kondoo, na aliyepanda alikuwa mwanamume. Nikabaki nimesimama kwenye tope, sijui nimwamini nani, sijui niende wapi. Theluji imeshashuka mpaka nusu ya mlima, kichanga cha siku nane hakijulikani kiko wapi, na ni mimi niliyemwambia mama yake jana, "Usihofu, sobia yako nitaisimamia mwenyewe."

Ndipo nikaiona ile saa. Iko juu, kwenye kile kipande cha ardhi kilichoinuka, imefunika hema la Mzee Jadaan, na bomba la sobia linatoa moshi.

Nilipanda pale nimeshika viatu mkononi. Mzee alikuwa amekaa nje mlangoni, juu ya kreti la viazi, koti limelowa chapachapa. Nilipaswa kujiuliza kwa nini mwenye moto anakaa nje. Sikujiuliza.

"Mama Nawras, rudi," akasema.

"Sirudi. Hilo turubai ni lako?"

"Nimeliokota majini."

"Na sobia nayo umeiokota?"

"Imeletwa."

"Imeletwa. Mtu mzima na mvi zako, unaota moto wa kichanga."

Akatazama chini. "Sema utakalo. Ila nakuomba usiingie."

"Una nini humo cha kuficha?"

Nikampita. Ndani mna joto, blanketi moja imetundikwa katikati kama pazia. Sikutazama pazia, nilitazama sobia. Nikafunga mafuta, nikashika bomba kwa ushungi wangu nikalichomoa, masizi yakanimwagikia mpaka usoni. Nilikuwa nimeshaivuta mpaka karibu na mlango niliposikia chafya. Chafya ndogo, ya paka.

"Shangazi," Hasna akasema nyuma ya pazia, taratibu. "Iache. Ndiyo kwanza amelala."

Nikafunua. Amekaa juu ya godoro la Mzee, mtoto kifuani, wamefunikwa kila kitu kilichokuwemo humo.

"Mimi nakutafuta tangu asubuhi. Mbona hukutuma hata neno?"

"Nitume neno kwamba niko kwa mwanamume asiye ndugu yangu, mume wangu hayupo, hata arobaini sijatoka? Ungelibeba mpaka wapi neno hilo, shangazi?"

Nikairudisha sobia. Nikapachika bomba mwenyewe, nikawasha. Hasira hasara, wanasema, na hasara ilikuwa inanitoka usoni pamoja na masizi.

Nje Mzee Jadaan alikuwa palepale kwenye kreti. "Ungeniambia tu," nikamwambia.

"Aliniomba nisimwambie mtu." Akavuta ukosi wa koti. "Hasa wewe."

Nikashuka mpaka kwenye lori. Foleni bado ndefu, wanawake wa kambi nzima wako pale, masikio wazi. Nikamwambia Rima nataka blanketi mbili zaidi.

"Za hema gani?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na lilikuwa tamu, lina mwanamke, lina mzee, lina pazia. Nikalimeza.

"Langu," nikasema. "Jibini."

Rima akapitisha kalamu kwenye orodha. "Lakini wewe umeshachukua, Mama Nawras. Umetia dole gumba hapa."

"Najua."

Akaniangalia, masizi yangu na yote, akanipa. Nyuma yangu mke wa Shampuu akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, "Kumbe ndiyo maana anapenda kushika orodha." Wakacheka. Nikazikumbatia zile blanketi, nikapita katikati yao, nikaanza kupanda kwa Mzee kwa njia ya nyuma, isiyoonekana.