Siku Shetani Alipowarudishia Watu Vitu Vyao

Usiku wa jana niliota shetani amekaa jikoni kwangu ananimenyea ndizi.

Hakuwa na haraka. Mwiko wangu ukamwambia, "Paka mafuta mikononi kwanza, utomvu utakuganda." Akapaka, akaushukuru mwiko, akaendelea.

"Shikamoo, bibi," akaniambia.

Nikasita. Yeye si wa tangu bustani ya Edeni? Sasa nani amwamkie nani?

"Wewe si mkubwa kwangu?" nikamuuliza.

"Mimi huwa rika la anayenitaja. Mtoto akinitaja, nakuwa mtoto. Wewe ulinitaja jioni ukifunga kuku, ndiyo maana leo nina magoti ya kizee."

"Kama sisi ni rika moja, shikamoo ya nini?"

"Adabu tu, bibi."

"Haya, marahaba. Na pembe zako?"

"Zile ni za kwenye picha ya watoto wa shule ya Jumapili. Hata siku moja hazikunienea."

Ni kweli nilimtaja. Nilimtaja kwa sababu ya mjukuu wangu Nakijwa, binti wa mwanangu Eliakunda. Jumapili hii kitukuu wangu anabatizwa. Mama yake ni Namsifu, dada yake Nakijwa, na amesema msimamizi wa mtoto ni Nakijwa, hataki mwingine. Sasa kanisani kwetu msimamizi huulizwa mbele ya watu wote: Unamkana Ibilisi na kazi zake zote? Naye hujibu: Namkana. Lakini Nakijwa yeye anasema hakuna Ibilisi. Mungu naye anasema hamwoni, ila hilo halisemi kwa sauti, ananihurumia mimi.

Alhamisi tulikuwa tunakula makande. Baba yake akamwambia, jibu moja tu mwanangu, linakushinda nini? Nakijwa akasema, "Baba, nitamkanaje mtu ambaye hayupo? Si nitakuwa nadanganya kanisani?" Eliakunda akamzaba kofi. Sahani ikaanguka. Kisha mwenyewe akashtuka, akasema, "Jamani, shetani amenipitia."

Nakijwa akainuka, akaenda kulala kwa dada yake. Akaniletea maneno kupitia kwa Namsifu: hatakaa benchi moja na baba yake mpaka baba aseme ni nani aliyempiga. Na mimi, kitu ninachokitaka kabla sijafa ni kuwaona hawa wawili kwenye benchi moja. Basi.

Nikamwambia shetani, "Umeniharibia nyumba."

Akaweka kisu chini. "Alhamisi? Alhamisi nilifika sahani imeshaanguka."

"Si alisema umempitia?"

"Ndiyo shida yangu, bibi. Mtu akisema shetani amenipitia, lazima niende nikapite. Hiyo ndiyo sheria. Lakini naitwa baada ya jambo kwisha. Nafika mama wa watu ameshatukanwa, maziwa yameshatiwa maji, mimi napita tu katikati yao, napita kama mtu aliyechelewa ibada. Tazama katambuga zangu."

Nikazitazama. Matairi ya viatu yamelika mpaka nyayo zinagusa chini.

"Kwa hiyo hukumpiga mjukuu wangu?"

"Mimi hata nguvu za kuinua mkono sina. Nawashangaa mnavyonipa kazi nyingi."

Nikageuka kuchukua sufuria ya ndizi. Sufuria ikawa beseni la ubatizo, na jiko lote likawa kanisa.

Watu wamejaa. Mchungaji amevaa joho lake, ila juu ya joho amefunga aproni yangu yenye masizi. Eliakunda yuko benchi la mbele mkono wa kulia, Nakijwa mkono wa kushoto na mtoto mapajani. Kati yao pana nafasi ya mtu mmoja. Shetani anakwenda anakaa pale pale katikati, anafuta magoti.

"Mnamkana Ibilisi?" anauliza Mchungaji.

"Tunamkanaaa!" kanisa zima.

Shetani anasimama. "Nipo." Kama mtoto anayeitwa jina darasani. Anakaa.

"Mnamkana kweli?"

"Tunamkanaaa!"

Anasimama tena. "Nipo." Magoti yanalia kama mlango.

Beseni likaninong'oneza, "Kila ubatizo ni hivi hivi. Wangemwacha angelala siku nyingi."

Mchungaji anamgeukia Nakijwa. "Na wewe, binti?"

"Nani, Mchungaji?"

"Huyo aliye kando yako."

Nakijwa anatazama. Anatazama vizuri, si kwa dharau. Kisha anachukua mfuko wa nepi za mtoto, mzito, anautua pale pale kwenye mapaja ya shetani, kama mtu anayeweka kitu kwenye benchi tupu. Mfuko unazama mpaka kwenye mbao.

Shetani anafumba macho. "Afadhali," anasema.

Watu wakaguna. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Mtoto wa Eliakunda ana kiburi, huyo!" Eliakunda akainamisha kichwa. Mchungaji akakohoa, akasema, "Haya, kama yeye humwoni, zikane basi kazi zake zote."

"Hizo ziko wapi?" akauliza Nakijwa.

"Nje."

Tukatoka. Nje si uwanja wa kanisa tena, ni gulioni, siku ya gulio lenyewe, jua kali. Shetani ametandaza turubai na juu yake amepanga kazi zake zote. Kuna uongo wa kila namna, umefungwa kwenye majani ya mgomba. Kuna kopo la kupimia maharage lenye kitako kilichoinuliwa ndani ili lipime pungufu. Kuna chungu cha umbeya, kifuniko kinacheza chenyewe. Kuna isale, ule mmea wa kuonyesha mpaka wa shamba, lililong'olewa na kupandwa mbele zaidi, bado lina udongo wa jirani kwenye mizizi.

Nakijwa anatembea kando ya turubai amembeba mtoto. Anaokota kopo, analiinua.

"Hili la nani?"

"La shetani!" watu wote.

"Na hili isale?"

"La shetani!"

"Huyo shetani yuko wapi achukue vitu vyake? Mimi naona vitu tu."

"Si huyo hapo!"

"Jamani, mimi naona vitu tu," akasema, na sauti yake haikuwa ya kushindana. Ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidiwa.

Isale likasema, "Mimi namjua aliyening'oa. Amevaa kofia ya bluu." Mwenye kofia ya bluu akaivua haraka, akaikalia.

Mwisho wa turubai pana kitu kimefunikwa kitambaa cha mezani, kinatoa mvuke kama chapati. Nakijwa akafunua. Ni kofi. Limelala kifudifudi, bado la moto, vidole vimetawanyika.

Hakuliokota. Akajishika shavu.

"Na hili?" akauliza pole pole. "Hili la nani?"

Nikangoja wale watu waseme la shetani. Safari hii hawakusema. Wakanitazama mimi.

Shetani akaja akasimama kando yangu. "Bibi, sema tu ni langu. Nitalibeba. Nimezoea."

Nikalitazama lile kofi. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kidogo kuelekea nje. Kidole hicho mimi ndiye niliyekifunga kijiti, siku mwenye nacho alipoanguka kutoka kwenye mparachichi akiwa mtoto, analia, ananiita mama. Hakuna mwingine mwenye kidole kile duniani.

Namtazama Eliakunda. Mwanangu. Amekonda tangu Alhamisi. Ananitazama kama ananiomba.

Mungu wangu, ilikuwa rahisi sana kusema la shetani. Mwenyewe amesimama pale, amekubali.

"Mama," Eliakunda akasema, "ulikuwepo. Si uliona nilivyopitiwa?"

"Niliona," nikamjibu. "Hakupita mtu, baba. Mlangoni palikuwa na kuku tu."

Hata chungu cha umbeya kikatulia.

"Njoo uchukue chako," nikasema. "Njoo, mwanangu, kisije kikapoa hapa kikawa hakina mwenyewe."

Eliakunda akaja, akainama, akaliokota kwa mkono wa kulia. Likamwingia kiganjani kama maji yanavyoingia mchangani. Mkono ukashuka chini mpaka bega likainama. Nakijwa akamhamisha mtoto upande wa pili, kama mtu anayetengeneza nafasi.

Nikageuka nimwambie shetani jambo. Nikakuta turubai tupu, na juu yake joto kidogo la mtu aliyekuwa amekaa.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, kuku wanapiga kelele, na mtu anabisha mlangoni. Nikafungua. Ni Eliakunda ameniletea maziwa kama kila asubuhi. Ila ndoo ameishika kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huo mwingine umefanyaje?"

"Sijui. Nimeamka nao mzito." Akakigeuza kiganja, akakitazama. Kilikuwa chekundu. "Mama, Nakijwa huamka saa hizi?"

"Huamka mapema, anamwogesha mtoto."

"Sijui nimwambie nini."

"Ulitaka kumwambia nini?"

Akaitua ndoo kizingitini. "Kwamba nilimpiga."

"Basi, ni hilo."

Nikamwambia aingie kwanza anywe chai. Akasema atakunywa akirudi. Akashika njia ya juu, ya kwenda kwa Namsifu, na ule mkono wa kulia ameubeba kwa wa kushoto, kifuani, kama mtu anayepeleka kitu cha watu na hataki kimwagike.