Mbona Hawajasalimia

"Zungusha kompyuta, Shangazi. Tuone chumba chote."

Maneno hayo ni yangu. Niliyatamka saa nne asubuhi, kwenye kikao cha video cha timu yetu, mwanangu amelala mapajani, mkono wangu mmoja ukimpigapiga mgongoni na wa pili ukiwa juu ya kipanya cha kompyuta. Mkono mmoja wa mama, mmoja wa polisi.

Shangazi hakubisha. Aliinua kompyuta, na chumba chake kikaanza kupita mbele ya macho yetu: pazia la maua lililopauka, meza ya kupigia pasi iliyogeuzwa kuwa ya kazi, chupa za dawa zilizopangwa dirishani kwa kimo, kisha kitanda. Kitandani alikuwepo mwanamume mwenye mwili mkubwa, kifua wazi, akitutazama. Hakupepesa. Nasi tukamtazama, wote tumenyamaza kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Halafu ukarudi uso wa Shangazi.

"Umeridhika, bosi?"

Hadi asubuhi ile alikuwa akiniita "mwanangu".

Kazi yetu ilikuwa kunukuu. Unavaa vipokea sauti, unasikiliza rekodi za vikao, unaandika kila neno na aliyelisema. Niliianza nikiwa mjamzito, nikamaliza darasa la jioni la uongozi nikiwa na mtoto mgongoni, na kampuni iliponikabidhi watu wanne, kila mmoja akifanyia kazi nyumbani kwake, nilijiona nimefika. Shangazi ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Hata mkurugenzi alimwita hivyo hivyo. Mwenzetu tuliyemwita Dakika Tisini aliwahi kutangaza mpira redioni, na mpaka leo akikuomba chumvi utadhani mtu anakaribia goli. Wawili waliobaki walikuwa mapacha, madada, waliogawana meza moja na, nilivyoshuku, akili moja.

Darasani tulifundishwa kusimamia watu walio ukumbi mmoja. Unapita nyuma ya viti, unakohoa kidogo, migongo inanyooka. Sasa nitapitaje nyuma ya viti vilivyo miji mitatu? Nikaipata taa ya kijani. Kila jina kwenye kompyuta yangu lilikuwa na taa, na mtu asipogusa mashine yake dakika tano, inazimika. Nilizilinda taa zile kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Ya Shangazi ilizimika mara kumi kwa siku, ndiyo maana nikataka kuona chumba. Ya Dakika Tisini haikuzimika kamwe. Nilimsifu mbele ya wenzake.

Na wiki hiyo hiyo ndipo tulipopokea kazi kubwa: rekodi za siku tisa za uchunguzi wa boila, tangi la mvuke, iliyopasuka kiwandani ikaua watu, mashahidi ishirini na saba, tukabidhi ndani ya siku kumi na mbili. Mkurugenzi alinipigia mwenyewe.

"Ukiivusha hii, timu ni yako. Ikikwama, nitawagawa watu wako kwenye timu nyingine. Atakayekosa nafasi, basi tena."

Hakuwa anatisha. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi.

Baada ya siku ya chumba, timu yangu ilipata nidhamu ya ajabu. "Sawa, bosi." "Nimepokea, bosi." Hakuna utani, hakuna swali, taa zote kijani. Siku ya tatu tangu rekodi zifike nikasoma kazi yenyewe. Maneno ya fundi aliyeonya kwamba boila inavuja yalikuwa yamewekwa kinywani mwa meneja, na kukana kwa meneja kumewekwa kinywani mwa fundi. Kurasa kumi na nne. Zamani Shangazi angelinasa kosa lile kabla chai haijapoa; alitambua sauti za watu kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe kwenye foleni ya chanjo. Lakini sikuwa nimemwomba atazame kazi za wengine, naye hakutazama. Aliandika sehemu yake, sahihi hadi nukta ya mwisho, akaituma.

Nikampigia Dakika Tisini, maana kurasa zilikuwa zake.

"Ulisikiliza kweli?"

"Bosi, nikwambie ukweli? Nilifunga kipanya kwenye feni. Feni inageuka, kipanya kinavutwa, taa inawaka."

"Na wewe?"

"Mimi nalala, halafu nikiamka nakimbizana na saa. Ile sifa uliyonipa, mpe feni."

Nilicheka hadi mtoto akaamka. Kisha nikaacha kucheka.

Mchana huo nilimpigia Shangazi, simu ya kawaida, isiyo na picha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, bosi."

"Nimepiga kuomba radhi. Kwa kukuzungushisha chumba."

"Chumba ni chumba tu, kina vumbi kama vyote. Ila mume wangu, toka apate kiharusi, mwaka wa pili huu hajaonana na watu. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo, kiwanda kizima kikimwamkia. Siku ile nilipokata simu akaniuliza, wale ni akina nani? Nikasema ni wenzangu wa kazini. Akasema, mbona hawajasalimia?"

Daftari langu la darasa la jioni lilikuwa na majibu mengi. Hilo halikuwemo.

"Yuko karibu?"

"Ataenda wapi?"

"Naomba nimwamkie."

Nikasikia simu ikibadilishwa mkono, shuka zikisuguana.

"Shikamoo, mzee."

Pumzi, kisha neno likatoka polepole, likiburuta upande mmoja. "Marahaba. Ndiye wewe... bosi?"

"Ndiye mimi. Nisamehe kwa siku ile, mzee."

"Una sauti... ya kitoto."

"Na mtoto mwenyewe ninaye, huyu hapa ananing'oa nywele."

Akacheka, na nyuma yake nikasikia kicheko cha Shangazi, ambacho kilikuwa kimetukimbia tangu siku ya chumba. Aliporudi kwenye simu nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo siku ya kwanza.

"Saa zako nzuri ni zipi?"

"Alfajiri mpaka saa tatu, kabla hajaamka. Na saa nane mpaka kumi, akishakula."

"Basi hizo ndizo zako. Nyingine sizitaki."

Leo naongoza watu kumi na tisa, na wote nimewauliza swali hilo kabla ya kuwapa neno moja la kazi. Siku ile nilikuwa najifunza huku natembea. Zangu zilikuwa saa za usingizi wa mtoto. Dakika Tisini alikuwa mtu wa jioni. Mapacha walikiri, kwa aibu, kwamba wakikaa meza moja wanagombana tu. Nikawapa zamu mbili. Nikaziunganisha saa hizo kwenye karatasi moja ukutani, nikaachana na taa, nikaweka sheria moja: anayemaliza amwachie anayepokea ujumbe wa sauti, nusu dakika.

Ujumbe wa Shangazi tuliungojea kama taarifa ya habari. "Anayevuta kiti kabla ya kusema ni meneja. Fundi ana kikohozi kikavu. Msiwachanganye tena, jamani, watu walikufa pale."

Siku ya saba kulikuwa na neno lililotushinda sote. Shahidi alilimeza kabisa. Tukaandika: haisikiki. Kesho yake, kwenye ujumbe wa Shangazi, ikaingia sauti ya pili, nzito, isiyo na haraka.

"Vali... ya usalama. Anasema... waliifunga kwa waya."

Nikarudia kusikiliza rekodi mara tatu. Ndivyo hasa alivyosema shahidi, akitaja kizibo cha kuachia mvuke ukizidi. Nilimweleza mkurugenzi, akataka mzee aweke saini ya kutunza siri kama sisi wengine, naye akaiweka, kwa mkono wa kushoto. Tangu hapo, kila saa nane mchana, mke na mume walisikiliza pamoja, kila mmoja na kipokea sauti kimoja sikioni.

Tulikabidhi siku ya kumi na moja.

"Hakuna hata jina lililochanganywa," mkurugenzi alisema. "Uliwachungaje watu walio mbali hivyo?"

"Sikuwachunga."

Akasema timu ni yangu, na kwamba Jumatatu kuna rekodi nyingine. Sijaiweka simu chini, ukaingia ujumbe wa Shangazi.

"Mwanangu, mzee anauliza. Kesho kuna kazi?"

Nikamwandikia: mwambie kesho apumzike. Jumatatu, saa nane, tutamhitaji.