Wosia wa Mama Uliokuwa Kwenye Diski

Mpiga picha waliyembandika jina la Macho Manne, kwa ajili ya miwani yake minene, alikuwa bahili wa kitu kimoja tu: programu. Kamera alinunua nzuri, taa nzuri, ila kulipia programu ya kuhariri video alisema ni kununua hewa. Kwa hiyo kompyuta ilipoanza kumdai leseni, alipakua mtandaoni kidude cha kuifungua programu bure. Maelekezo yakasema azime kwanza kinga ya virusi. Akazima. Mtu mzima na akili zake, alimwambia mlinzi akalale, ndipo akamkaribisha mgeni.

Kesho yake kila faili lilikuwa limefungwa na watu asiowajua, wanaodai pesa ndipo walifungue. Diski ya akiba nayo vilevile, maana aliiacha imechomekwa siku zote, kwa uvivu wa kuinama chini ya meza.

"Mafaili haya hayafunguki," fundi wa kompyuta alimwambia. "Na hao hata ukiwalipa hawaaminiki. Kaka, si ungeniuliza? Zipo programu za kuhariri za bure kabisa, za halali, unazichukua kwa wenyewe waliozitengeneza. Na diski ya akiba ukishanakili unaichomoa."

"Ningejua."

"Mdomo ulikuwa nao," fundi akasema.

Kazi za wateja zilimuuma, lakini kilichomkata maini kilikuwa kimoja. Mama yake, siku chache kabla hajafariki, alimwita amrekodi akitoa wosia wa ndoa kwa ajili ya mjukuu wake. Akaagiza usitazamwe mpaka siku yenyewe. Sasa Jumamosi mjukuu anaolewa.

Dada yake, mama wa bibi harusi, alikuja kuichukua video. Macho Manne akamweleza yote, hata hilo la kuzima kinga. Dada akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu.

"Basi, mdogo wangu," alisema hatimaye. "Maji yakishamwagika hayazoleki. Siku ile mama alitutoa wote nje, mkabaki wawili. Jumamosi utasimama wewe, umwambie mwanangu aliyoyasema bibi yake. Hata kwa ufupi."

Macho Manne akajaribu kuirudia siku ile kichwani. Alikumbuka mwanga wa dirishani uliomsumbua. Alikumbuka alivyouinua mto ili kivuli kimtoke mama shavuni. Maneno hakukumbuka hata moja. Hakuyasikiliza, alijua mashine inayashika.

"Dada," alisema, "mimi nilikuwa naangalia picha."