Mama Yake Mwandishi Wetu

Ushauri wa kuanzisha blogu ulitolewa bure, na pengine hapo ndipo binti angepaswa kushtuka. Aliyeutoa alikuwa mhariri wa gazeti kubwa kuliko yote mjini, bwana mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kuwatazamia watu asiokusudia kuwaajiri. Alipitia vyeti vya binti, akakiri kuwa vinapendeza, kisha akaeleza kwamba vyombo vya habari haviajiri vyeti. Haviajiri pia mtu ambaye hajawahi kuchapishwa. Binti aliuliza kwa adabu mtu huchapishwaje kabla ya kuajiriwa, ikiwa haajiriwi kabla ya kuchapishwa. Mhariri akabadilisha miwani.

"Anzisha blogu, binti yangu," alisema. "Andika kila wiki. Sisi tunasoma. Tutakuona."

Nyumbani binti huyo aliitwa Nukta, jina alilopewa na kaka yake kwa udogo wa umbo na kwa tabia ya kuyakata mazungumzo pale yanapoanza kunoga. Kaka, fundi wa simu, alimfungulia blogu hiyo kwenye simu iliyopasuka kioo. Mama, fundi cherehani, aliuliza swali moja tu: hiyo kitu inalipa? Akajibiwa kwamba inalipa baadaye. Mama akasema hata yeye anao wateja wa namna hiyo, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kwa miezi kadhaa wasomaji wa blogu walikuwa kaka, rafiki mmoja wa chuo, na mtu asiyejulikana aliyekuwa akitangaza dawa ya nguvu katika sehemu ya maoni. Kisha Nukta akaandika kuhusu benchi.

Lilikuwa benchi la ofisi ambako mama yake alikuwa akifuatilia cheti cha kifo cha baba. Limewekwa kando ya ukuta wa korido, na kila anapoitwa mtu dirishani, wote waliobaki hunyanyua makalio na kusogea nafasi moja. Nukta alikaa pale asubuhi nzima. Aliandika kuhusu mzee aliyebanwa na haja akaogopa kwenda msalani, asije akarudi na kukuta nafasi yake imekwisha kukaliwa. Aliandika kwamba ubao wa benchi uling'aa kwa kusuguliwa na nguo za wananchi, na kwamba ndicho kitu pekee katika ofisi ile kilichofutwa kila siku. Katikati ya makala aliweka sentensi hii: "Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani, huliita benchi hilo garimoshi, kwa sababu ndilo garimoshi pekee ambalo abiria husafiri na lenyewe likabaki kituoni."

Makala hiyo ilisambaa. Watu wasiofahamiana waliitumiana, wakataja mabenchi yao. Jumapili iliyofuata kaka aliingia ndani na gazeti, akalitandaza juu ya vitambaa vya wateja bila kuomba ruhusa, jambo ambalo kwa kawaida lingemtia matatani. Makala ilikuwa pale, nzima, haikuhamishwa hata koma. Kichwa kilikuwa kipya. Chini yake paliandikwa: Na Mwandishi Wetu.

Kila msomaji wa magazeti anamfahamu Mwandishi Wetu. Huhudhuria maziko, mechi na mikutano ya mawaziri kwa siku moja, katika miji mitatu. Haumwi, hazeeki, na anaposhitakiwa haonekani mahakamani. Safari hii alikuwa mvivu kupita kiasi. Alichukua kila kitu, akamchukua na mama wa watu.

Kaka alisoma kwa sauti hadi alipofika kwa fundi cherehani, akasimama, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Hongera, mama. Kumbe tuna ndugu mwingine."

Mama alitoa pini mdomoni. "Huyu Mwandishi Wetu," aliuliza, "nilimzaa lini?"

Kaka alicheka peke yake. Nukta alikwisha kuanza kuandika barua pepe kwa gazeti. Aliituma mara ya kwanza, akaituma tena, na ukimya uliorudi ulikuwa wa kitaalamu. Kisha, kana kwamba barua hizo hazikuwahi kuandikwa, akapigiwa simu aende kwenye usaili wa nafasi ya mwandishi chipukizi.

Mama alimshauri aende na afunge mdomo. Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa yameanza kugoma kutunga uzi, na siku hizo alikuwa akimwita jirani amtungie sindano. Kila mtu katika nyumba ile alijua mshahara wa Nukta ulisubiriwa kufanya nini.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu na watu wawili: mhariri yule yule, na afisa utumishi aliyekuwa na kompyuta wazi mbele yake. Afisa alimwomba aonyeshe kazi zake. Nukta akafungua makala ya benchi. Afisa alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyekwisha kujiandaa kusikitika.

"Hii tumeikagua," alisema. "Ilitoka kwetu. Dada, kwenye fani hii wizi wa makala unafukuzisha kazi. Wewe umeanza hata kabla hujaajiriwa."

Nukta alimgeuzia simu, akamwomba asome tarehe ya blogu, kisha asome ya gazeti. Afisa akasoma. Akasoma tena, taratibu zaidi, halafu akamtazama mhariri, naye mhariri akawa anatafuta miwani iliyokuwa usoni kwake.

"Mwandishi Wetu ni nani?" Nukta aliuliza.

"Si mtu," alisema mhariri. "Ni utaratibu."

"Utaratibu una mama fundi cherehani?"

Mhariri hakukasirika; angekasirika ingekuwa afadhali. Alieleza kwa utulivu kwamba mtandao ni mahali pa wazi, na kinachoanikwa mahali pa wazi ni cha wote. Yeye mwenyewe aliahidi kwamba watamwona, na je, hawakumwona? Neno "wetu", alifafanua, ni neno la kumkumbatia mtu. Ajira ilikuwa yake, aanze Jumatatu. Lilibaki jambo dogo: aiondoe makala ile kwenye blogu, kwa kuwa mwanasheria hapendi ionekane mahali pawili, wasomaji wakaanza kuuliza.

"Futa hapa hapa tumalize," afisa utumishi alisema kwa upole.

Simu ilimuuliza Nukta kama ana uhakika anataka kufuta. Aliutazama mkataba uliokuwa mezani, umekwisha kupigwa chapa. Angeweza kuusamehe wizi. Watu husamehe makubwa kuliko hayo. Lakini hawakuwa wakimwomba asamehe. Walimtaka awasaidie kufuta nyayo.

"Sifuti," alisema. "Chapeni jina langu Jumapili, ukurasa ule ule. Jumatatu nitakuja."

"Gazeti haliwezi kumwomba radhi mtu asiye na jina," mhariri alisema.

"Nilikuwa nalo. Mlilitoa ninyi."

Alitoka bila kuaga, yeye aliyelelewa kuaga hata wadai.

Nyumbani kaka aliapa kwenda kulivunja lango la gazeti, akaketi. Mama alisimamisha cherehani.

"Mshahara umeuacha mezani."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu ya jina."

"Ndiyo."

Mama aliagiza asomewe makala hiyo yote, maana mpaka siku ile alikuwa ameisikia vipande vipande, tena kwa mizaha ya kaka. Nukta akasoma. Alipofika kwenye garimoshi, mama akainua mkono.

"Rudia hapo."

"'Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani...'"

"Ndilo jina langu hilo?"

Nukta aliitazama tena ile sentensi kwenye simu.

"Maneno ni yangu," mama alisema. "Benchi nimelisugua mimi. Wewe umekaa asubuhi moja. Ninalo jina, na hata wale wa dirishani wanalijua, ingawa wanalikosea."

Kaka aliona kitambaa kimoja sakafuni kinachohitaji kukunjwa. Nukta akaifungua makala upya, akayaandika majina yote matatu ya mama yake, akampa simu ahakiki. Mama aliisogeza mbali na macho, akazitamka herufi moja moja mpaka mwisho, kisha akasema kwa hasira kwamba jina la babu yake lina h.