Bandama Haina Njia ya Chakula

Winifrida alikuwa amepasua na kuosha matumbo ya ng'ombe pale Kariakoo kwa miaka kumi na miwili. Kwa hiyo Mwalimu Polycarp alipouliza bandama iko mfumo gani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mmeng'enyo wa chakula!"

Mwalimu akacheka, na darasa zima la watahiniwa wa kujitegemea likamfuata.

"Mama, Biolojia si ya kila mtu. Rudi kwenye beseni lako." Akavuta orodha ya watakaosajiliwa kwa mtihani, akalikata jina lake.

Bila Biolojia hakuna chuo cha uuguzi. Winifrida aliteremka ngazi za jengo la darasa lao pale Mchafukoge akiwa na hasira. Kukosea amekosea, sawa. Lakini kufutwa kama vumbi la chaki? Hapana.

Kosa lenyewe lilikuwa la kazini. Bandama hutoka imeng'ang'ania tumbo, na mteja huwekewa fungu moja na utumbo. Nani angeiulizia ukoo wake?

Asubuhi iliyofuata, kazini, akaiulizia yeye. Akalifuata tumbo kutoka koo hadi mwisho wa utumbo. Akalishika ini, akauona mfereji wa nyongo unavyoteremka hadi kwenye utumbo. Kisha akaipapasa bandama, akaigeuza, akaichana. Hakukuwa na njia ya chakula, ya kuingilia wala ya kutokea. Mishipa ya damu tu, na ndani damu tele. Kumbe jirani si ndugu!

Alasiri akapanda ngazi na beseni lake, akalitua juu ya meza ya mwalimu. Polycarp akaruka nyuma.

"Nini hiki?"

"Bandama. Jana niliteleza, na kuteleza si kuanguka. Hii ni ya mfumo wa damu na limfu." Akaifunua ilipochanwa. "Mwalimu, wewe umewahi kuishika?"

Polycarp akashika chaki yake. Wanafunzi walishaacha viti, wamelizunguka beseni.

"Sogeeni," Winifrida akawaambia. "Seli hamtaziona kwa macho, lakini zikishikana zinakuwa tishu. Huu utando wa juu ni tishu moja, na hii nyama laini ya ndani ni nyingine. Zikifanya kazi pamoja, ndiyo ogani hii. Vuteni huu mshipa muone unakoelekea. Ogani haiishi peke yake, ina wenzake kwenye mfumo."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa mbele akauvuta mshipa kwa vidole viwili, akaandika.

Mwalimu akakohoa. Akaitazama bandama, akaitazama chaki mkononi mwake.

"Kesho tunaingia kwenye figo," akasema taratibu. "Unaweza kutuletea?"

Winifrida akaivuta ile orodha ya usajili iliyokuwa mezani, akaisukuma mbele yake, kidole chenye damu kikiacha alama pale palipokatwa.

"Jina kwanza, mwalimu. Figo baadaye."