Mwethya Uliotoka kwa Dripu

Jumanne asubuhi Kalunde alikuwa kwenye kigoda nje ya jiko lake akipepeta mahindi ya muthokoi, yaliyokobolewa tayari kwa kupikwa, na ng'ambo ya bonde akina mama wa mwethya, kikundi cha kazi ya zamu, walikuwa wakichimba matuta katika shamba la Mumbua. Filimbi ilimfikia vizuri kabisa. Mumbua ndiye aliyekuwa mwenyekiti, basi filimbi ilikuwa yake, na aliipuliza utadhani ameajiriwa na polisi wa barabarani. Ikilia mara moja majembe yanapanda, ikilia tena yanashuka, na udongo unarushwa upande wa juu kama bwana shamba alivyofundisha. Kila ilipolia, ungo wa Kalunde nao ulipanda na kushuka. Mkono una mazoea yake.

Kijiji hicho kiko vilimani juu ya Salama, mahali ambapo shamba lisilo na matuta huhamia kwa jirani wa chini mvua ya kwanza ikinyesha. Kwa hiyo mwethya si mchezo. Jumanne hii mnachimba kwa huyu, ijayo kwa yule, na mwenye shamba anapika. Kalunde alikuwa amechimba kwa watu wote tangu alipoolewa na Mwangangi, ambaye sasa ni marehemu. Kisha akaota uvimbe katika titi la kushoto, akakosa Jumanne tatu, na sheria ikasema ilivyosema: anayekosa Jumanne tatu mfululizo jina lake linatoka, na jina likitoka shamba lake halichimbwi. Sheria ilitungwa kwa ajili ya wavivu. Hakuna aliyekumbuka kuweka neno juu ya wagonjwa. Mvua za El Nino zikaja zikavunja matuta yake yote, na hakuna jembe lililoonekana.

Wageni nao walikoma. Baadhi walisema ugonjwa wa titi unaambukiza, wengine wakasema hapana, amerogwa, na ingawa walibishana sana, pande zote mbili zilikubaliana kutokwenda kumwona. Kanisani walimwombea kila Jumapili, kwa sauti kubwa na kwa mbali. Nzomo, mwanawe wa pekee, alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa na alikuwa anakuja karibuni, mwaka wa tatu sasa. Kalunde alipika kikombe kimoja cha muthokoi, akala nusu, akalala. Upweke ulimuuma kuliko uvimbe. Aliwahi kumwambia mbuzi wake hivyo.

Alhamisi moja akateremka hadi Salama, akapanda basi la Nairobi, akaenda katika hospitali kubwa alikoelekezwa. Akampata Daktari Mutiso, kijana wa Kikamba mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, ambaye baba yake alikuwa mkulima huko Kilungu.

"Mwaitu," alimwambia majibu ya vipimo yaliporudi, kama Mkamba anavyomwita mama aliye sawa na mamake, "ile dawa ya zamani ni kama kuchoma shamba ndio uue magugu. Magugu inakufa, na mahindi pia inakufa. Hii mpya bado inajaribiwa. Yenyewe inatafuta alama. Tumepima uvimbe yako, tumepata iko na hiyo alama, tena mingi. Wanawake wengi hawana. Wewe uko na bahati."

"Na ubaya wake?"

"Siku ya kwanza utasikia baridi na homa. Halafu kuna maneno ya moyo. Moyo pia iko na hiyo alama, kidogo tu, na kuna watu dawa inawasumbua hapo. Ukianza kuishiwa na pumzi, uniambie mara moja. Usinifiche."

"Nikufiche aje, na ni wewe unanitibu?"

Dripu ilipoanza, alitetemeka mpaka kiti kikagonga ukuta. Nesi akapunguza kasi ya matone, akamfunika blanketi, na kutetemeka kukapita. Jioni Kalunde akawa amerudi kwake.

Alikuwa akikoleza moto walipotoka. Walitokea pale sindano ilipoingilia, kwenye kiwiko, mmoja mmoja, wanawake wa urefu wa kidole, wamejifunga leso za rangi moja, kila mmoja na jembe la meno mawili begani. Wakateremka kwenye mkono wake hadi mezani. Kiongozi wao alikuwa mnene kidogo na alikuwa na filimbi shingoni.

"Mwenye kazi ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Tumeiona. Ni kubwa, lakini tunaiweza. Umetupikia nini?"

Kalunde akaona haya, kwa sababu sufuria ilikuwa na kile kikombe kimoja. Lakini punje moja iliwashibisha watu wanne, na chakula kingine kikabaki. Walikula, wakauliza habari za mvua, mmoja akasema chumvi imekolea sawasawa. Kisha wakapanda mkono, wakaingia chini ya kwapa la kushoto, na filimbi ikalia ndani. Kalunde alilala akiisikiliza, na usiku huo hakuzungumza na mnyama yeyote.

Tangu hapo alipika sufuria nzima. Asubuhi walichimba, jioni walitoka kupumzika, na kila Alhamisi dripu ilileta wengine wa kuwapokea waliochoka. Alijua nani ni mcheshi na nani ana kisirani. Akawasimulia habari za Mwangangi, jinsi alivyoogopa kuku, nao wakacheka mpaka mmoja akaangukia kwenye bakuli. Nywele za Kalunde hazikung'oka. Hakutapika. Ulipofika wakati wa kupanda mbaazi, uvimbe ulikuwa umepungua ukawa kama haragwe, kisha ukawa kitu cha kutafutwa kwa vidole. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo hata alipokuwa mzima.

Mumbua alisikia kuna filimbi ya pili kijijini, na hilo hakulivumilia. Akaja jioni moja, akasimama mlangoni.

"Mama Nzomo, hii mwethya ni ya nani? Mbona sisi hatukuambiwa?"

"Ni ya hospitali, Mama Kiema. Karibu, chai iko."

"Sikai." Akawaangalia wale wanawake waliokuwa wakila juu ya meza. "Wamejiandikisha kwa chifu?"

"Sijui."

"Kikundi lazima ijiandikishe," Mumbua akasema, akaenda zake. Chai ilikuwa tayari imemiminwa, Kalunde akainywa mwenyewe.

Kupanda mlima kutoka Salama ndiko kulikoanza kumshinda. Mwanzoni alipumzika mara moja njiani, baadaye akawa anapumzika kwenye kila kivuli, na jioni miguu yake ilikuwa imejaa, ukiibonyeza shimo linabaki. Akamuuliza yule kiongozi.

"Siku hizi mnachimba wapi? Kwa titi kazi si imeisha?"

"Imebaki kidogo. Wenzangu wengi wako moyoni."

"Nani aliwatuma huko?"

"Sisi hatutumwi. Tunachimba penye kigingi, kile daktari anachokiita alama. Moyoni kuna vigingi pia, sawa na vile vingine." Alisema bila kiburi wala aibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ukitaka tusichimbe, kaombe dripu isimame. Ikisimama hatukai sana. Tunaenda."

"Mnaenda wote?"

"Wote."

Kalunde akawaongezea maharagwe. Alhamisi iliyofuata Daktari Mutiso alipomuuliza habari za pumzi, alisema ni nzuri tu, na miguu akaivuta chini ya leso. Aliendelea kudanganya hivyo wiki baada ya wiki, mama mtu mzima, mshirika wa kanisa, kwa sababu hakutaka kurudi kuzungumza na mbuzi. Alijua anachokifanya. Kila jioni alijiambia ataomba dripu isimame Alhamisi ijayo, na kila jioni meza ilijaa watu.

Mwishowe alianguka kwenye ngazi za hospitali. Daktari Mutiso akamlaza, akamwekea mashine ya kuonyesha moyo ukipiga. Kwenye kioo moyo wa Kalunde ulikuwa umepigwa matuta kuanzia chini hadi juu, mstari juu ya mstari, udongo wake umerushwa upande wa juu inavyotakiwa. Damu ilifika kwenye tuta, ikasimama, ikangoja, ikavuka kwa shida. Daktari akaifuata ile mistari kwa kidole.

"Kazi yenyewe ni safi," akasema. "Lakini si hapo. Kwa nini ulinificha, mwaitu?"

"Nilikuwa na wageni."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akasimamisha dripu. Akampa tembe za moyo, akamwambia huenda nguvu zikarudi nusu, jembe asiliguse, na kuhusu uvimbe, unaweza kurudi na unaweza usirudi, hakuna anayejua. Kalunde akasema amesikia.

Wale wanawake walianza kupungua. Kila jioni meza ilikuwa na nafasi zaidi, na sufuria ilianza kubaki na chakula. Katika siku hizo Mumbua akaja tena. Safari hii aliingia, akaketi bila kukaribishwa, akafungua vifungo vya blauzi. Titi lake la kulia lilikuwa na uvimbe.

"Iko hapo tangu mwaka jana," akasema. "Niazime hawa watu wako."

Kiongozi alipanda kidole cha Mumbua, akapotelea chini ya kwapa. Mumbua alikaa wima kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi. Baada ya muda kiongozi akatoka, anapangusa jembe ambalo halikuwa na udongo.

"Uvimbe upo. Kigingi hakuna."

"Si mpige hiyo kigingi!" Mumbua akasema. "Mimi nimepiga vigingi shamba zote za hapa, hiyo kitu kidogo itawashinda?"

"Cha huko hakipigwi. Kiko ama hakiko."

Mumbua akafunga vifungo vyake, kimoja kikakosea tundu lake. Kalunde akamweleza habari za Daktari Mutiso, kwamba ile dawa ya kuchoma shamba lote bado ipo, na kuna watu imewaponya, aende mapema. Akamtia moyo kadiri alivyoweza, na maneno yake yalikuwa ya kweli. Mumbua akanywa chai. Tangu matanga ya Mwangangi hakuna mtu wa kimo cha kawaida aliyekuwa ameketi kwenye kiti hicho, na Kalunde aliongeza sukari bila kuulizwa.

"Jumanne uje," Mumbua akasema akiinuka. "Kuchimba huwezi, utachemsha uji. Nitawaambia ni mimi nimekurudisha. Na hii maneno yangu usimwambie mtu."

"Asante, Mama Kiema. Mungu akubariki."

Kiongozi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Alikula punje yake, akashukuru, akamshika Kalunde mkono, yaani ncha ya kidole. Kalunde akamwuliza kama wataonana. Akasema kazi ikiisha watu huenda makwao. Kalunde alilia mpaka moto ukazimika, kisha akaosha sufuria.

Jumanne akarudi mwethya. Walimpa mafiga matatu, debe la maji na mwiko mrefu, naye akakoroga uji wa mtama pembeni mwa mtaro. Mara ya kwanza walimsogelea kwa hadhari. Ya pili walianza kumtania, wakamwita Bi Harusi kwa sababu alikuwa haruhusiwi kushika jembe. Alikuwa akienda nyumbani na masizi usoni, akiyaacha mpaka asubuhi.

Mumbua ndiye aliyekosekana. Ile dawa ya zamani ilikuwa imemwangusha kitandani, nywele zake ziko kwenye mto, na hata maji yalimrudia kooni. Kalunde alikuwa amepita kwake mara moja, polepole, akiegemea fimbo, akamkuta amelala peke yake ameelekea ukutani. Alitaka kupita tena.

Jumanne ya tatu Mbinya, makamu, ambaye sasa ndiye aliyeshika filimbi, aliwakusanya kabla ya uji.

"Sheria ni sheria," akasema. "Mumbua amekosa Jumanne tatu. Wenye wanakubali jina yake itoke, wainue mkono."

"Si ni mgonjwa," mtu akasema kwa sauti ya chini.

"Hata Mama Nzomo alikuwa mgonjwa, na tulimtoa." Mbinya aligeukia kwenye mafiga. Wote wakageuka. "Ama tulikosea, Mama Nzomo? Sema tu. Kama tulikosea, tutaacha."

Uji ulikuwa ukitokota. Kalunde aliwatazama, majembe yameegemea mabega, vikombe mikononi, watu wazima wa kutosha kujaza nyumba yoyote. Moyo wake ukapiga, damu ikafika kwenye matuta, ikasimama. Alimpenda Mumbua wakati huo kuliko alivyowahi kumpenda mtu wa kijiji hicho. Walingoja.

"Hapana," akasema. "Hamkukosea."

Akahamishia mwiko mkono wa kushoto, akainua wa kulia. Kisha akawapakulia uji, na hakuna aliyekataa kikombe chake.