Sufuria Yenye Sikio Jekundu

Sufuria ilikuwa ya kitimoto, nami nilikuwa nimeshapika ndani yake chupa thelathini na nane za siagi ya matufaa kwa ajili ya harusi ya Waislamu. Hilo ndilo tatizo. Yanayobaki ni maelezo.

Naitwa Venance. Mimi ni fundi baiskeli, naishi Maisaka. Shule niliiacha darasa la tano, nikaenda kuosha vyombo kwenye jiko la masista kule milimani Mbulu, na huko ndiko nilikojifunza kupika kitu hiki. Sista mpishi alikiita siagi ya matufaa, ingawa hakina hata tone la maziwa. Unakata matufaa na maganda yake, unayachemsha mpaka yalegee, unayapitisha kwenye chekeche. Ule uji unaurudisha motoni na sukari na viungo, kisha unakoroga juu ya makaa machache kwa muda wa saa sita, mpaka uwe mweusi na mzito. Unadondosha kijiko kimoja kwenye sahani baridi. Maji yasipojitenga pembeni, imeiva.

Kila mwaka dada yangu Hilaria hunitumia gunia la matufaa kutoka milimani. Madogo, makali, yana makovu ya mvua ya mawe, sokoni hayauziki. Nikishapika, nusu tunakula na mke wangu Paskalina, nusu inakwenda kwa majirani, Mzee Rehani na mkewe Hadija, ambaye sisi tunamwita Mama Amira. Wana duka la viungo sokoni. Kati ya uwanja wao na wetu kuna ua wa michongoma wenye pengo, na Mama Amira alikuwa akipita hapo miaka kumi na tisa bila kupiga hodi. Anaingia, anafunua sufuria, anaonja mboga, anamwambia Paskalina chumvi haitoshi, anaondoka. Nyumbani kwetu hatupiki nguruwe. Sababu ni yeye. Nikitaka kitimoto nakula nje, nasukutua, narudi.

Mwaka huu binti yao Amira alikuwa anaolewa Kondoa. Mama Amira alipita penye pengo na mfuko wa mdalasini, karafuu, iliki na tangawizi kavu, akauweka kwenye mapaja yangu.

"Baba Vailet, wakwe nimeshawaambia. Kila nyumba itaondoka na chupa."

"Nyumba ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Hao ni wakwe au kata nzima?"

"Pika, acha maneno. Mama mkwe wake aliionja mwaka jana, mpaka leo anaiulizia. Usiniaibishe."

Sufuria yangu ni ndogo na nyembamba, ingeunguza. Nikaenda kwa Philomena, anayetunza vyombo vya jumuiya yetu ya kanisani, vile tunavyoazimana kwa misiba na sherehe. Philomena alikuwa shambani Nakwa, lakini ufunguo wake kila mtu anajua unapokaa. Nikachagua sufuria kubwa kuliko zote, yenye kitako kinene. Sikio lake moja lilikuwa na rangi nyekundu. Nikadhani kuna mtu alikuwa anapaka mlango akaishika. Nikaisugua kwa mchanga na steelwire ndani na nje, kwa sababu sista yule alikuwa anatupiga kwa mwiko akiona doa. Rangi ikatoka yote. Sufuria ikang'aa mpaka nikajisifu.

Jumatano nilipika kutwa nzima. Mama Amira alikuja jioni, nikampa kisosi bado cha moto. Alilamba kijiko, akalamba na kisosi, akacheka.

"Mwanaume kama wewe angekuwa na wake wanne," alisema.

"Mmoja tu ananishinda."

Alhamisi asubuhi Paskalina alirudi kutoka Sigino, alikokwenda kumsaidia mama yake kuvuna. Chupa zilikuwa zimepangwa mezani. Hakuzitazama. Alitazama sufuria iliyokuwa imefunikwa juu ya uchanja.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa Philomena."

"Ilikuwa na rangi nyekundu sikioni?"

"Ilikuwa nayo. Nimeitoa, ilikuwa inachafua."

Akaweka mzigo chini. "Baba Vailet. Ile rangi tuliipaka sisi akina mama. Hiyo ni ya kitimoto. Zile nyingine hatutii nguruwe, ili majirani Waislamu wakija msibani wale bila wasiwasi. Wiki iliyopita tu ilikaangiwa, kwenye kipaimara cha mtoto wa Philomena."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Uliwahi kuuliza? Nyie wanaume mnakaa kwenye viti mnasubiri sahani, leo ndiyo unajua kuchagua sufuria."

Nilikaa. Nikasimama. Nikasema nimeisugua mara tatu kwa mchanga.

"Basi nyamaza," alisema Paskalina. "Moto wa saa sita umeshaunguza kila kitu. Harusi ni Jumamosi. Ukisema sasa unamharibia mwenzako shughuli, na hana siku ya kutafuta kitu kingine."

"Ameshaonja."

"Ndiyo maana nakwambia nyamaza."

Nikaenda kwenye kibanda changu cha baiskeli. Kulikuwa na ringi inayumba, nikaanza kuinyoosha. Nilikaza spoku mpaka ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika. Mwenye baiskeli akaniuliza kama naumwa, nikamwambia aende akanywe chai. Nikafunga kibanda, nikaelekea sokoni. Nilipofika karibu na duka la Mzee Rehani nikamwona mkewe anacheka na wateja, nikapita moja kwa moja kama mtu anayewahi basi. Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji. Nikarudi nyumbani, nikazihesabu chupa. Thelathini na nane. Nikaenda tena sokoni. Safari hii Mzee Rehani aliniona.

"Venance! Mbona unapita pita kama unadaiwa?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ingia."

Sikuingia. Nikarudi nyumbani tena, nikazihesabu chupa tena, kama vile zingepungua. Nilijiambia Paskalina ana akili kuliko mimi, na ni kweli. Nilijiambia moto umeunguza. Kisha nikakumbuka kwamba mimi huyu, kwa miaka yote hiyo, nimekuwa nikisukutua mdomo kabla ya kuingia uwanjani kwangu mwenyewe. Kama moto na mchanga vingetosha, nilikuwa nasukutua nini?

Alasiri nilipita penye pengo. Mimi mwenyewe sikuwa na kawaida ya kupita pale. Mama Amira alikuwa uani na Mzee Rehani, wanachambua mchele wa pilau kwenye ungo. Chini ya stuli kulikuwa na kisosi changu, kisafi, kimekaushwa, kinasubiri kurudishwa.

"Umeleta chupa?" aliuliza.

"Sijaleta. Sufuria niliyopikia si yangu, Mama Amira. Ni ya jumuiya. Imekaangiwa nguruwe wiki iliyopita. Nimejua leo."

Mkono wake ulibaki ndani ya mchele.

"Ile niliyokula?"

"Ndiyo hiyo."

Alisimama, akaenda kwenye bomba. Nilimsikia anasukutua. Alisukutua muda mrefu. Mzee Rehani aliendelea kuchambua mchele, akitoa chuya moja moja.

"Ulijua jana?" aliniuliza.

"Sikujua. Kulikuwa na alama, nikaisugua. Nilidhani uchafu."

"Basi hukujua, naye hakujua. Asiyejua hana dhambi. Lakini mezani kwetu haiji, Venance. Unanielewa."

"Nimeelewa, mzee."

Mama Amira alirudi, uso umelowa. Hakukaa.

"Miaka yote nafunua sufuria zenu," alisema. "Sikuwahi kuuliza. Hata siku moja sikuuliza, hii mmepikia nini."

"Za kwetu ni safi. Hatujawahi—"

"Sasa nitajuaje?"

Nilitaka aniambie nimefanya vizuri kusema. Hakusema. Alichukua kisosi changu chini ya stuli, akanipa, akishika kwa ncha za vidole.

"Kwa wakwe nitasema nini?"

"Sema fundi baiskeli ameunguza."

Mzee Rehani alitabasamu kidogo. Mkewe hakutabasamu.

Jumamosi wageni wa Kondoa waliondoka na asali. Nilisaidia kufunga maturubai na kubeba viti. Wakati wa chakula nililetewa sahani iliyojaa, nikaketi na wanaume, hakuna aliyenitenga. Philomena alinunua rangi akapaka masikio yote mawili, na ndani ya kifuniko pia. Ufunguo ameuhamisha. Paskalina hakunisemesha kwa siku mbili, kisha akanisemesha. Jumuiya ilikula siagi yetu mpaka ikaisha, wakisifia.

Wiki ya pili baada ya harusi nilikuwa uani natengeneza pedeli. Nikasikia sauti upande wa barabarani, getini.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Nikadhani mgeni. Nilipofungua alikuwa Mama Amira, na bakuli la kisamvu limefunikwa kwa kitambaa.

"Karibu ndani."

"Nina haraka. Mpe Mama Vailet." Akanipa bakuli, akarudi kwa njia ya barabarani, akazunguka michongoma yote kufika kwake. Ni kama hatua sitini. Penye pengo ni hatua nne.

Amekuja mara sita tangu siku ile. Chakula analeta, salamu analeta. Sufuria hafunui.

Basi ilinigharimu hivi. Matufaa gunia moja, mavuno yote ya dada yangu. Sukari kilo kumi na mbili. Mkaa madebe mawili. Viungo vya Mama Amira, mfuko mmoja. Spoku mbili. Siku nne za kazi. Chupa thelathini na nane, ambazo zimerudi tupu. Na hodi sita.